KUSAFISHA INJINI YA GARI LA SHAMBA
Somo kwa Wanachama

Huenda baadhi ya wanachama wakauliza: gazeti la wakulima wa karafuu lina nini na injini za magari? Jibu letu ni fupi. Mkarafuu hupaliliwa, karafuu huchumwa, huchambuliwa na makonyo yake, huanikwa. Na baada ya taabu zote hizo gunia hupakiwa garini. Siku hizi wengi wetu twategemea pikapu au kigari kidogo cha mizigo, kiwe chetu wenyewe au cha jirani. Gari likilala njiani na karafuu mbichi, karafuu hazingoji fundi. Zikirundikana hupata joto, huchacha, na rangi yake huharibika kabla hazijaona jua la sakafuni.

Kwa hiyo tumeona yafaa, kabla ya msimu kuanza, tulete somo hili juu ya kusafisha chumba cha injini nyumbani. Twaomba msomaji ashike jambo moja tangu mwanzo: hatusafishi injini ili ing'are. Twaisafisha ili tuone inapovuja. Injini iliyojaa oili na vumbi ni kama kidonda kilichofungwa kitambaa kichafu. Mwenyewe hajui kinapona au kinaoza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini ufa usioonekana utauzibaje?

Uchafu huo watoka wapi?

Vumbi la barabara peke yake halishiki kwenye injini. Likipigwa na upepo huondoka. Linaloshika ni vumbi lililokuta oili. Oili ikitoka tone moja moja kwenye gasketi iliyochoka, au kwenye sili iliyokauka, hutambaa juu ya chuma. Vumbi hulala juu yake, kisha huja oili nyingine na vumbi jingine. Mwishoni hujengeka tabaka nene jeusi, na ndani yake hukutwa majani makavu, vipande vya makumbi, na katika magari yetu hata makonyo ya karafuu.

Tabaka hilo lina madhara matatu. La kwanza ni moto. Bomba la moshi, pale linapotoka kwenye injini, hupata joto la mamia ya digrii gari likipanda mlima na mzigo. Majani makavu yaliyolowa oili yakiliegemea bomba hilo, hapana haja ya kiberiti.

La pili ni joto la injini yenyewe. Injini hupoa kwa maji ya rejeta na pia kwa upepo unaopita juu ya chuma chake. Ukiivika injini koti la matope ya oili, umeizuia kupumua. Na rejeta iliyozibwa na uchafu kwa mbele hupoza kwa shida.

La tatu ni hasara ya siri. Na tupige hesabu. Matone kama 20 ya oili hufanya mililita moja. Gari linalotoa tone moja kila dakika, mchana na usiku, hutoa matone 1,440 kwa siku moja, yaani mililita 72. Kwa mwezi mmoja ni zaidi ya lita 2. Injini nyingi za magari madogo huchukua lita 3 hadi 5 tu. Mwenye gari asiyetazama kijiti cha oili aweza kuua injini nzima kwa uvujaji ambao gasketi moja mpya ingeuzuia.

Kwanza usome uchafu

Usikimbilie maji. Jioni moja kabla ya siku ya kuosha, egesha gari mahali palipo sawa, tandika chini ya injini kipande kikubwa cha karatasi ngumu ya boksi, na uweke alama ya upande wa mbele. Asubuhi utazame. Karatasi hiyo ni shahidi asiyesema uongo.

Doa la kahawia au jeusi lenye utelezi ni oili ya injini. Doa jekundu, katika magari mengi, latoka kwenye usukani wa mafuta au giaboksi ya otomatiki. Maji ya kijani au mekundu yenye harufu ya utamu kidogo ni dawa ya rejeta. Mafuta mepesi ya rangi ya manjano hafifu, yanayobabua rangi ya gari, huenda yakawa ya breki. Hapo gari lisiondoke mpaka fundi alitazame. Na ukisikia harufu ya petroli au dizeli mbichi, acha kila kitu kingine. Usiwashe injini, usivute sigara, mwite fundi.

Kisha fungua boneti. Katika vigari ambavyo injini yake iko chini ya kiti, inua kiti. Tazama ni upande upi ulio mweusi zaidi na ni upi ulio mkavu. Liandike jambo hilo katika daftari, au lipige picha kwa simu, kwa maana baada ya kuosha ushahidi huu utakuwa umekwenda.

Mahali na siku

Chagua siku ya jua na asubuhi mapema, ili injini ipate mchana mzima wa kukauka. Siku za masika hazifai.

Mahali pa kuoshea pasiwe karibu na kisima, wala penye mteremko wa kwenda kisimani au kijitoni. Sehemu kubwa ya Unguja, na sehemu kadhaa za Pemba, zina mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango. Maji hushuka humo upesi bila kuchujwa vizuri. Oili unayoimwaga leo nyuma ya nyumba yaweza kuwa katika ndoo ya jirani yako kesho.

Wala pasiwe penye sakafu ya kuanikia karafuu. Hili twalisema kwa mkazo. Sakafu ya saruji huvutia, kwa kuwa ni pana, safi na inapata jua. Lakini saruji hunywa mafuta, na joto la jua huyarudisha juu. Karafuu ina mafuta yake mwenyewe, kiasi cha sehemu 15 hadi 20 kwa kila mia ya uzito wake mkavu, na mnunuzi huijua kwa pua kabla ya macho. Harufu ya mafuta ya taa ikishashika jamvi au gunia, haiondoki kwa urahisi.

Tandika turubai kuukuu chini ya injini, uinue kingo zake kwa mawe au vipande vya ubao ili lishike maji kama karai. Juu yake mwaga unga wa mbao kutoka kwa seremala, au makumbi yaliyochambuliwa. Vitu hivi hunywa oili vizuri.

Vifaa

Havihitaji fedha nyingi: ndoo mbili za maji, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo au sabuni ya unga, brashi ya rangi iliyochakaa, mswaki wa zamani, kijiti kilichochongwa bapa, kumbi la nazi, matambara ya kutosha, kopo la kumwagilia, pampu ya baiskeli, spana ya kufungulia betri, na glavu za mpira. Mwenye uwezo anunue dawa ya kuondolea grisi katika maduka ya vipuri, aifuate kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Weka pia ndoo ya mchanga mkavu karibu, au kizimamoto cha unga kama unacho.

Vitu vya kuepuka

Petroli. Wako watu huosha injini kwa petroli kwa sababu hukata oili upesi. Ni kweli hukata. Lakini mvuke wake huwaka hata katika baridi kali, nao ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka ukutane na jiko la jirani. Petroli isitumike kabisa.

Maji baridi juu ya injini ya moto. Chuma kilichopata joto kali, hasa pale bomba la moshi linapoanzia, chaweza kupasuka. Ngoja saa 2 au zaidi baada ya kuzima, mpaka uweze kuweka kiganja juu ya injini bila kukiondoa.

Soda kali ya kutengenezea sabuni. Hula chuma cheupe cha aluminiamu, nacho ndicho kilichotumika kutengenezea sehemu nyingi za injini za sasa. Hubabua macho na ngozi pia.

Mashine ya kusukuma maji kwa nguvu. Maji yake hupenya kwenye viungo vya nyaya, kwenye alteneta, hata kupita sili zilizokuwa nzima. Kabureta na distribyuta za zamani zilikuwa na viungo vichache vya umeme. Gari la sasa lina vingi, na kompyuta pia. Tatizo la umeme lililoletwa na maji huenda lisionekane siku hiyo. Hutokea wiki kadhaa baadaye, unyevu ukishafanya kutu.

Dizeli iliyoachwa ikauke. Huyeyusha grisi, lakini huacha utando unaokaribisha vumbi jipya, na hulainisha mipira. Injini iliyopakwa dizeli hung'aa siku moja tu.

Kazi yenyewe

1. Zima gari, toa ufunguo, vuta breki ya mkono. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

2. Fungua betri. Anza na waya uliofungwa kwenye bodi ya gari. Katika magari mengi ni ule wa hasi, wenye alama ya kutoa. Sababu ni hii: ukianza na waya mwingine na spana ikagusa bodi, cheche itaruka. Gari lenye redio inayoomba namba ya siri, namba hiyo uijue kwanza.

3. Ondoa kwa mkono majani, makumbi na makonyo yote. Tazama hasa karibu na bomba la moshi, chini ya kioo cha mbele na pembeni mwa betri. Panya nao hupenda kujenga hapo, na meno yao huanzia kwenye nyaya.

4. Funika sehemu zisizotaka maji: alteneta, kinywa cha kichujio cha hewa, sanduku la fyuzi, kompyuta ya gari, koili na plagi, na distribyuta kwa magari ya zamani. Tumia vipande vya turubai la nailoni au mpira, uvifunge kwa kamba. Hakikisha vifuniko vya oili, vya maji na vya mafuta ya breki vimekazwa.

5. Kwangua. Hapa ndipo penye kazi, wala usiharakishe. Kwa kijiti bapa ondoa tabaka nene, uliangushe juu ya unga wa mbao. Kijiti ni bora kuliko bisibisi, kwa kuwa hakitoboi mpira wala hakikati waya. Kisha pangusa kwa tambara kavu. Robo tatu ya uchafu yapasa iondoke kabla tone la maji halijaanguka. Anayekwangua vizuri hutumia ndoo 2 za maji. Asiyekwangua hutumia 10, na zote huenda ardhini na oili yake.

6. Penye grisi iliyoganda kama lami, paka mafuta ya taa kidogo kwa brashi, injini ikiwa baridi kabisa, nje penye hewa, mbali na moto wa kila namna. Nusu kikombe chatosha. Ngoja dakika 5, pangusa. Yasikae juu ya mikanda wala mipira.

7. Changanya sabuni katika nusu ndoo ya maji. Paka kwa brashi kuanzia chini kwenda juu, ili povu chafu lisichuruzike juu ya chuma kikavu. Sugua kwa mswaki penye pembe, na kwa kumbi penye uwanda. Iache dakika 5 hadi 10, lakini isikauke.

8. Suuza kwa kopo la kumwagilia, polepole, kuanzia juu kwenda chini. Usielekeze maji kwenye sehemu ulizofunika. Rejeta isuguliwe kwa brashi laini tu, kwa kuwa mapezi yake hupinda kwa urahisi.

Kukausha na kuwasha

Ondoa vifuniko vyote. Pangusa maji yanayoonekana. Chukua pampu ya baiskeli, upulize katika mashimo ya plagi na viungo vya nyaya. Maji yaliyolala katika shimo la plagi ndiyo yanayofanya gari likohoe na kutetemeka baada ya kuoshwa. Acha boneti wazi juani saa 2 hadi 3.

Kisha funga betri, waya wa bodi ukiwa wa mwisho. Pima oili kwa kijiti, tazama maji ya rejeta. Washa injini, iache ikiunguruma dakika 10 hivi huku boneti likiwa wazi na wewe ukiwa hapo. Mvuke mwembamba wa maji si kitu. Mkanda ukilia kwa muda mfupi kwa sababu ya unyevu, hunyamaza. Lakini moshi wenye harufu ya oili usiokoma baada ya dakika chache ni ishara ya kuzima na kutazama tena.

Sasa tafuta panapovuja

Hapa ndipo faida ya somo hili ilipo, na hapa ndipo wengi huacha. Wakishaona chuma kimeng'aa, hufunga boneti na kwenda zao.

Injini ikiwa safi na kavu, chukua poda ya watoto au unga mkavu, unyunyize utando mwembamba mahali palipokuwa na uchafu mwingi kuliko pengine, kwa kufuata uliyoyaandika daftarini. Usinyunyize karibu na kinywa cha hewa wala mikanda. Endesha gari dakika 10 au 15, urudi, uzime, utazame kwa tochi. Oili mpya itakuwa imechora mstari mweusi juu ya weupe.

Ufuate mstari huo kwenda juu. Oili hushuka chini kwa uzito wake, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma. Kwa hiyo mahali palipolowa pa juu zaidi na pa mbele zaidi ndipo, mara nyingi, chanzo kilipo. Asiyejua haya hubadilisha sili ya chini kwa gharama kubwa, kumbe oili yatoka juu.

Anza kutazama vitu vya bei ndogo: mpira wa kifuniko cha kujazia oili, gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, filta ya oili na swichi ya taa ya oili. Tazama pia mpira wa kupumulia injini. Ukiziba kwa uchafu, msukumo wa ndani hutafuta njia na kuitoa oili kwenye sili ambazo hazina ubaya. Bolti zilizolegea zikazwe kwa kiasi. Kukaza kwa nguvu zote huponda gasketi na kuongeza uvujaji. Yakikushinda, mpelekee fundi gari pamoja na maelezo yako. Fundi aliyeonyeshwa mahali hatapoteza siku akitafuta, na mwenye gari aliyeona kwa macho yake halipishwi kisichoharibika.

Uchafu uliotoka

Unga wa mbao na makumbi yaliyolowa oili yakusanywe katika debe lenye kifuniko. Yasitupwe shambani, yasichimbiwe shimo, wala yasitiwe jikoni kuwa kuni. Maji machafu yaache yatulie katika turubai. Oili itakayoelea iguse kwa unga mkavu wa mbao mpaka inyonywe. Maji yatakayobaki yamwage mahali pakavu, mbali na visima, mikarafuu na mboga. Debe lipelekwe kwa fundi anayekusanya oili chafu.

Oili iliyokwisha tumika ina chembe za chuma na vitu vyenye sumu. Ikiigusa ngozi mara kwa mara hudhuru. Vaa glavu, na mikono ioshwe kwa sabuni, si kwa petroli. Nguo za kazi hiyo zisifuliwe pamoja na za watoto.

Ikitokea moto

Gari likitoa moshi mbele, simama, zima injini, teremsha watu kabla ya mzigo. Usilifungue boneti lote, kwa kuwa upepo ukiingia moto huamka. Lilegeze kidogo tu upenyeze unga wa kizimamoto, au utupie mchanga. Maji yasitiwe juu ya oili au petroli inayowaka, yataisambaza. Moto ukikuzidi, kaa mbali na uite kikosi cha zimamoto. Gunia la karafuu hupatikana tena mwakani.

Kabla ya kupakia karafuu

Baada ya kuosha, lisipakie karafuu siku hiyo. Osha pia sehemu ya mizigo kwa sabuni, ikauke, utandike turubai safi ambalo halikutumika chini ya injini. Madumu ya oili na mafuta ya taa yasisafiri pamoja na magunia, hata kwa safari fupi. Kazi ya miezi ya wachumaji na waanikaji isiharibiwe na dumu lililolegea kifuniko.

Tunapendekeza kazi hii ifanywe mara moja kabla ya kila msimu, na karatasi ya boksi itandikwe chini ya gari usiku mmoja katika kila mwezi. Karatasi haina gharama.

Maswali ya kuzungumzia katika mikutano ya matawi

1. Kwa nini twakwangua kabla ya kutia maji?
2. Ni waya upi wa betri unaofunguliwa kwanza, na kwa sababu gani?
3. Gari latoa matone 2 kwa kila dakika. Litapoteza oili kiasi gani kwa siku 10?
4. Doa jekundu na doa la kahawia chini ya gari yana maana gani?
5. Katika kijiji chenu, ni mahali gani pa kuoshea gari pasipodhuru kisima cha mtu? Ikiwa hapapo, tawi laweza kutengeneza pamoja?

Swali la tano ndilo tungependa lizungumzwe zaidi. Gari ni la mtu mmoja, lakini kisima ni cha wote.